Siku tatu chini, wiki tatu mzima: hii ni sonona ipi? Nimezilinganisha na za wenzangu

Mi nashona nguo Ngamiani, hapa Tanga, nina cherehani mbili na binti mmoja wa kunisaidia kukunja pindo na kupiga pasi, na kilichonifumbua macho kuhusu huu ugonjwa ni daftari la oda. Mteja alikuja na makelele kuhusu gauni la sendofu, we fundi muongo uliniambia Alhamisi leo Jumatatu, nikafungua daftari nimuonyeshe kwamba tarehe anayosema siyo, nikakuta ndiyo yenyewe, na pale pale kuna siku tatu hazina maandishi kabisa, hakuna aliyepimwa, hakuna aliyechukua nguo, hakuna advansi. Nikafunua nyuma mwezi uliopita, kuna siku mbili nyeupe. Nyuma yake tena, siku nne. Usiku nikakaa nalo kitandani nikahesabu mwaka mzima nikapata mara 13, na katikati ya hizo 13 mimi mzima wa afya, nashona mpaka saa sita usiku, naenda kwenye shughuli za watu na kucheza nacheza.

Sasa zile siku zikija. Naamka kama mtu kanimwagia simenti kifuani. Sitaki kula, sitaki kuongea, simu ikiita naiangalia tu mpaka inyamaze, usingizi unakatika saa tisa usiku haurudi, kichwani maneno ni yale yale kwamba we huna faida, we mzigo, wateja wenyewe wanakuvumilia tu, hata kutunga uzi kwenye sindano kunanishinda. Afu siku ya tatu au ya nne nafungua macho asubuhi imeondoka, kama umeme uliorudi, sijameza kitu wala hakuna jambo zuri lililotokea. Ndo naanza kazi ya kuomba radhi.

Miaka mingi nilijua ni uvivu. Mama alijua ni jini. Mume wangu alijua ni hasira zangu tu. Jirani kasema stresi za mikopo. Na nilivyoanza kuulizia nikagundua kila mtu ana jina lake la kuipa, na jina ukilikosea unakosea na pa kwenda na cha kumeza, kwa hiyo hapa nitaichukua hii yangu niiweke mbele ya kila moja wanayoifananisha nayo, uone zinapofanana na zinapoachana. Mi siyo daktari, nimeulizia kwa wanaojua, nimesoma, na nimeiishi.

Yangu na ya dada yangu

Dada yangu mkubwa yuko Muheza. Alipofiwa na mumewe alilia kama watu wote wanavyolia, eda ikaisha, watu wakadhani yamekwisha, kumbe ndo kwanza. Miezi miwili na zaidi yule dada hakuwa yeye. Msimu wa machungwa ulipita, malori yanapakia mbele ya nyumba yake, hakuuza hata gunia na ana miti yake mwenyewe. Nilikuwa nikienda kumuona namkuta vile vile nilivyomuacha, Jumamosi hii na Jumamosi ijayo, kanga ile ile.

Ukituweka mimi na yeye kwenye siku mbaya, siku moja tu, huwezi kututofautisha. Hili ndo watu hawaelewi, wanadhani ya kwangu kwa sababu ni fupi basi ni nyepesi, hapana jamani, uzito ni mmoja, dalili ni zile zile, moyo kuwa mzito au kukosa hamu ya kila kitu, usingizi, kula, uchovu, kujilaumu, akili kutotulia, mwili kuwa mzito au kukosa utulivu, na mawazo ya kufa. Ziko 9 kwenye hesabu ya madaktari, na ili waseme una sonona kubwa wanataka angalau 5, mojawapo iwe ule moyo mzito au ile kukosa hamu, na ziwe zimekaa karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi. Dada anazo. Mimi pia ninazo, ila mimi hizo wiki 2 sifiki.

Na hapo ndo nilipokuwa naanguka kwenye ufa miaka yote, maana nilidhani kama sifiki wiki 2 basi sina kitu. Kumbe kinajulikana. Kule Uswisi, Zurich, daktari wa akili mmoja, Jules Angst, na wenzake walichukua vijana wa miaka kama 20 hivi kuanzia 1978 wakawa wanawafuatilia miaka na miaka, siyo wagonjwa wa hospitali, vijana wa kawaida tu wa mtaani, na ndo wakaona kuna watu wengi wanaangushwa siku chache, wanapona, wanaangushwa tena, na hospitali haiwaoni kwa sababu siku ya kwenda hospitali wameshapona. Miaka ya 80 wakaipa jina lake, sonona fupi inayorudirudi. Kwenye kitabu cha magonjwa cha Shirika la Afya Duniani cha 1992 ikaingia, kwamba inakuja kama mara moja kwa mwezi kwa mwaka mzima, mara nyingi siku 2 au 3, na ukipona unapona kabisa. Wamarekani kwenye kitabu chao cha 2013 wameandika siku 2 mpaka 13, angalau mara moja kwa mwezi, miezi 12 mfululizo, na isiwe inafuata hedhi.

Soma tena hiyo miezi 12. Ukianguka mara mbili mwaka huu haimaanishi unayo hii. Na pia unaweza ukawa nazo zote mbili, mtu ana hizi fupi kwa miaka afu siku moja inakuja haiondoki, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, hapo imeshageuka ndefu na huyo asisubiri kabisa, aende.

Ile fomu ya maswali 9

Hii nataka nikae nayo kidogo maana iliniumiza. Nilipoenda mara ya kwanza kwenye kituo kimoja (sikitaji), nilipewa fomu, wenyewe wanaiita PHQ-9, maswali 9, kila swali linauliza ndani ya wiki 2 zilizopita umesumbuliwa na hiki mara ngapi. Hakuna kabisa ni 0, siku kadhaa ni 1, zaidi ya nusu ya siku ni 2, karibu kila siku ni 3. Kwa dada yangu hiyo fomu ni nzuri sana, angejaza 3, 3, 2, 3, angefika juu huko na nesi angeshtuka. Sasa nijaze mimi. Niliangushwa siku 3 katika 14. Kila swali jibu langu la kweli ni siku kadhaa, yaani 1. Maswali 9 mara 1 ni 9. Hata nikiwa na dalili zote tisa kwa ukali wote, mwisho wangu ni 9, na 5 mpaka 9 wanaiita sonona ndogo. Nikaambiwa dada una stresi kidogo, pumzika, kunywa maji. Na hapo nilienda ndani ya wiki 2, ningeenda wiki ya tatu ningepata 0 nikaonekana nimekuja kupoteza muda wa watu.

Fomu haina kosa, imetengenezwa kwa ajili ya ile ndefu. Ila ukienda na ugonjwa mfupi kwenye fomu ya ugonjwa mrefu usikubali namba ikuongelee, wewe sema. Mi mara ya pili nilibeba daftari la oda. Nikamwekea daktari mezani nikamwambia hizi nyeupe, hesabu mwenyewe. Alinyamaza akahesabu kwa kidole. Maongezi yakabadilika pale pale.

Na kingine, swali la 9 lenyewe linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Hilo hata ukijibu 1, jumla yako iwe ndogo vipi, ni jambo la kuongelewa siku hiyo hiyo.

Kama inafuata hedhi

Hii ndo inayochanganywa na yangu kuliko zote, maana zote mbili zinakuja kila mwezi na zote zinaondoka zenyewe. Shoga yangu wa Mikanjuni tulikuwa tunaambiana sisi pacha, mwezi huu umeangushwa? nimeangushwa. Mpaka tulipoamua wote wawili tuandike tarehe, yeye na mimi, tarehe ya moyo kuanguka na tarehe ya damu kuanza.

Miezi miwili tu ilitosha. Yake ilikuwa inaanza kama siku sita saba kabla ya kuona siku zake, hasira kwanza, analia na tangazo la redio, afu kiza, na damu ikishuka siku moja mbili tatu amekuwa mwepesi, na wiki inayofuata hana hata harufu yake. Kila mwezi hivyo hivyo, unaweza kuweka saa. Yangu mimi ikaja mara moja kabla, mara moja katikati, mara nyingine siku nne baada ya kumaliza, haina adabu kabisa. Wanaume pia wanapata hii yangu, si unaona sasa.

Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu ya dawa. Kwa sonona ya kabla ya hedhi vidonge vya jamii ya fluoksetini, moja ya dawa za sonona, vinasaidia wengi, na kuna ambao daktari anawapa wanywe zile wiki mbili za mwisho tu kabla ya damu, siyo mwezi mzima, na vinafanya kazi haraka. Huo mpango kwangu hauna maana, wiki mbili kabla ya nini wakati sijui inakuja lini? Kwa hiyo mwanamke kama unajisikia hivi, kabla ya jambo lolote andika mizunguko miwili. Andika siku ile ile, usisubiri mwisho wa mwezi ukumbuke, kumbukumbu inadanganya, mi nilikuwa naapa kabisa kwamba yangu inafuata hedhi.

Kama kuna kupanda pia

Binamu yangu mmoja anavua Sahare. Yeye anaanguka, na anguko lake linaweza kukaa wiki kadhaa. Ila kabla au baada yake kuna kitu kingine, anapanda. Halali, saa nane usiku anakupigia ana mpango, anaongea mpaka huwezi kuingiza neno, hela anagawa. Mwaka juzi alikopa akanunua mashine ya boti. Boti yenyewe hana. Sisi tulicheka, tukasema Mungu kampa ari, mpaka ikawa siku nane hajalala sawasawa ndo tukajua hapa siyo ari.

Hiyo wanaiita baipola. Kupanda kukikaa siku 4 mfululizo madaktari wanaanza kukuhesabu huko, kukifika wiki na vurugu ndo ile kubwa yenyewe. Sasa mtu wa siku tatu chini wiki tatu mzima kama mimi ajiulize kwa uaminifu, zile wiki nzuri ni uzima wa kawaida au ni kupanda? Mi nilisema hapo juu nashona mpaka saa sita usiku, daktari alinibana sana kwenye hilo. Je unachoka? Nachoka. Ukilala masaa manne tu, asubuhi unajisikiaje? Vibaya. Ni wiki za Idd au wiki zote? Za Idd na za harusi. Basi, akasema, hiyo ni kazi. Ila alimtaka mtu wa nyumbani pia aulizwe, maana anayepanda mwenyewe hajui kama kapanda, anajiona ndo kapona.

Usiipite hii haraka, kwa sababu mwenye baipola akipewa dawa ya sonona peke yake bila dawa ya kumtuliza inaweza kumrusha juu. Ukiwa na mtu wa kupanda kwenye ukoo, mtaje hata kama hujaulizwa.

Hizi nyingine nazipitia tu

Stresi. Stresi ina anwani, unadaiwa, mtoto karudishwa ada, ukilipa inapungua. Yangu inakuja na hela ipo. Siyo kwamba matatizo hayaiongezi, yanaiongeza, ila haingoji yawepo.

Kuna ile ya chinichini, mtu miaka 2 na zaidi siku nyingi kuliko siyo yuko nusu nusu, hajaanguka kitandani lakini hajawahi kuwa mzima, watu wanamwita mtu wa huzuni kama vile ni tabia yake. Ukimuuliza lini mara ya mwisho ulikuwa sawa anakaa kimya. Mimi nikiulizwa nasema juzi.

Mwili. Sisi huku Tanga ukichoka tu ni malaria, na mi nimemezeshwa dawa za malaria mara ngapi bila kipimo! Kipimo cha malaria ni cha dakika chache, dai upimwe kwanza. Pima na wingi wa damu, hasa mwanamke, damu ikipungua unachoka na moyo unalegea, na tezi la shingo likifanya kazi pungufu mtu anakuwa mzito, baridi, huzuni. Ila hivyo haviji siku tatu vikaondoka vyenyewe vikarudi mwezi ujao, ndo tofauti yake.

Na vijana wangu wa kijiweni, mirungi. Mtu kakesha anatafuna Ijumaa, Jumapili yuko chini anasema ana sonona inayokuja kila wiki. Kaka, hiyo andika upande mmoja siku unazotafuna na upande mwingine siku unazoanguka. Pombe hivyo hivyo.

Jini, mwezi na kombe

Siwezi kuandikia watu wa Tanga nikaruka hapa. Mama yangu alisema kitu kinachokuja na kuondoka ni kitu chenye mwenyewe, na akasema kinafuata mwezi, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Sikumbishia, mama habishiwi, nikachukua kalenda ya msikitini yenye tarehe za Kiislamu nikaziweka zile siku zangu nyeupe juu yake. Tarehe 4, tarehe 19, tarehe 27, tarehe 11. Haifuati mwezi. Nikamuonyesha. Akasema basi huyu ni wa bara. Tulicheka wote na ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka kuhusu hii habari.

Nilikunywa kombe, yale maandishi ya Kurani yanayooshwa kwa maji, nilisomewa, na nitasema ukweli wangu, nikisomewa natulia, ile sauti na kule kuwekewa mkono kichwani na mtu asiyekulaumu siyo kitu kidogo. Shehe aliyenisomea mimi aliniambia mwenyewe, binti yangu nenda na hospitali. Huyo ndo wa kumfuata. Yule anayekwambia uache dawa, au kila ukirudi bei imepanda, au anataka mgonjwa afungwe au achapwe, huyo kimbia. Na hapa pana mtego ambao kwenye sonona ndefu hakuna, hii fupi inaondoka yenyewe siku ya tatu, kwa hiyo chochote ulichofanya siku ya pili kitaonekana kimeponya. Kombe siku ya pili, kapona. Vitamini siku ya pili, kapona. Juisi ya ukwaju siku ya pili, kapona. Mi nilishatoa hela nyingi kwa waganga wa siku ya pili. Cha kuangalia ni kama mwezi ujao haikurudi, na ujao wake, vinginevyo hujaponywa umepitiwa tu.

Vidonge au maongezi

Dada yangu wa Muheza alipewa fluoksetini, akaambiwa asitegemee kitu kabla ya wiki 2 mpaka 4, anywe kila siku, tumwangalie wiki za mwanzo, na akipata nafuu asiache ghafla, aendelee miezi kadhaa. Alipona. Mwaka uliofuata machungwa aliuza.

Mimi nikadhani basi na mimi nipewe hicho hicho. Fikiria lakini, dawa inayohitaji wiki mbili kuanza kazi, ugonjwa unaokaa siku tatu. Kumeza siku mbaya tu na kuacha siku nzuri haisaidii, na majirani wengi ndo wanavyofanya na vidonge vya kuazimana. Na kumeza kila siku ili isirudi? Walijaribu hiyo Uingereza, matokeo wakayatoa 1994, watu wenye hizi fupi zinazorudi, wengine fluoksetini wengine kidonge cha bandia kisicho na dawa, na fluoksetini haikushinda. Mpaka leo hakuna kidonge kimoja unachoweza kusema ndo chenyewe cha hii. Daktari anaweza kukujaribia kitu, hasa kama fupi zimechanganyika na ndefu au anahisi kuna kupanda, na siyo kosa kujaribu, ila ukubaliane naye mtapima vipi. Mi nilimwambia tutahesabu siku nyeupe.

Kwangu kilichoshika ni maongezi, na siyo maongezi ya kuambiwa jipe moyo. Ni kukaa na mshauri wakati ni MZIMA, hilo ndo gumu, maana ukiwa mzima unaona nakwenda kufanya nini, nina suti mbili za harusi zinanisubiri. Dada wa sonona ndefu anakwenda akiwa chini, wewe wa fupi unakwenda ukiwa juu mnapanga ya ukiwa chini. Sisi tulipanga hivi, siku ya kwanza nikiamka na simenti binti anachukua simu ya kazi na anajibu fundi anaumwa atarudi baada ya siku nne, siamui jambo lolote kubwa siku hizo wala kuvunja undugu na mtu, naoga hata kama sitaki, naenda kwa miguu mpaka Raskazone upepo wa bahari unipige narudi, na yale maneno ya kwamba sina faida nimeyaandika kwenye karatasi nikiwa mzima na pembeni yake nimeandika haya yalikuja mara ya mwisho na yaliondoka lini. Nayasoma. Siyaamini siku hiyo lakini tarehe naziamini, ni mwandiko wangu.

Sasa lile zito. Waliofuatilia watu wa sonona fupi waliona majaribio ya kujiua yapo huku kama yalivyo kwenye ndefu, yaani ufupi haukulindi. Pengine ni kwa sababu inashuka ghafla, asubuhi ulikuwa unacheka jioni uko shimoni. Kwa hiyo kwenye mpango wetu dawa zote za nyumbani zinakaa kwa wifi yangu, na kuna watu wawili wanaojua neno langu. Nikiwatumia hilo neno wanakuja, hawaniulizi. Na wewe ukifika kwenye mawazo ya kujidhuru usiulize kama ni fupi au ndefu wala usihesabu siku, mwite mtu akae na wewe sasa hivi mwende hospitali iliyo karibu, hata saa nane za usiku.

Uende wapi sasa

Kama ni mara ya kwanza na iko chini ya wiki 2 na huna mawazo ya kufa, zahanati ya mtaani inatosha kwa kuanzia, wakupime damu na malaria mtoe hiyo hofu ya mwili. Imepita wiki 2, au inarudi kila mwezi, au kuna kupanda, usizunguke zahanati, nenda Bombo, hospitali ya mkoa hapa Tanga, uulizie huduma ya afya ya akili, na usione aibu ya foleni, mi nilikutana pale na mteja wangu tukajifanya hatujuani afu tukaishia kurudi na bajaji moja. Walioko Korogwe na milimani huko wana Lutindi, hospitali ya akili ya Walutheri, ina zaidi ya miaka 100 iko Usambara, na najua utasema Lutindi si ndo wanapopeleka vichaa. Ndo utani wetu huo, na ndo unaotufanya tufiche.

Famasi kuomba kidonge cha usingizi mwenyewe, hapana. Hicho kinakupa usingizi wa siku tatu ambazo zingeisha zenyewe na kinakuachia kazi ya kukiacha.

Ukienda beba karatasi. Tarehe ilipoanza, tarehe ilipoisha, hedhi kama unayo, ulilala saa ngapi, ulikunywa au ulitafuna nini, na ilikushinda kufanya nini, hiyo ya mwisho ndo madaktari wanaipenda, usiandike nilihuzunika andika sikufungua duka. Miezi mitatu inatosha kuonyesha umbo lake, mwaka ni bora zaidi.

Yangu mwaka huu imekuja mara 8, na mbili kati ya hizo zilikuwa za siku moja tu nikaona aibu hata kuzihesabu lakini nimezihesabu. Leo ni siku ya 22 tangu ile ya mwisho. Suti zote mbili za harusi nimemaliza, zimebaki vifungo, na binti nimeshamuonyesha kisanduku cha vifungo kilipo.